Tundu la Kidole Gumba

Kila nyumba aliyoingia, Bi Sura aliacha chupa za humo zikitazama mlango. Hakufanya kwa kusudi. Angekuwa ameketi kwa heshima zake, anatoa pole ya msiba au anapongeza arusi, na huku mkono wake unageuza taratibu kopo la majani ya chai mpaka maandishi yatokee mbele. Mumewe, fundi wa cherehani, alikwisha kuzoea. Aliwaambia wageni kwamba nyumbani kwake hata sufuria zina adabu, haziwapi watu kisogo.

Jina la Bi Sura alipewa na wenzake katika duka kubwa la kwanza alilofanyia kazi, enzi za usichana wake. Aliajiriwa kufuta vumbi kwenye rafu, basi. Lakini akifuta anageuza, akigeuza anasogeza, akisogeza anarudi nyuma kutazama kama mtu aliyetundika picha ukutani. Alipoulizwa anatafuta nini, alijibu kuwa kila kitu kina sura na kisogo, na hakuna anayemsalimia mtu kisogoni. Wakamcheka mpaka wakachoka. Baadaye mwenye duka akaona kwamba rafu anazofuta yule msichana ndizo zinazoisha bidhaa kwanza, na kitambaa cha vumbi akapewa mwingine.

Tangu hapo kazi yake ikawa hiyo: kupanga rafu ziite watu, kubuni maboksi na vifungashio, kukata kadibodi ikasimama mlangoni mwa duka kama mwenyeji anayekaribisha. Alijifunza kwa wachapaji, kwa wauza karatasi, na zaidi kwa kutazama. Chumba kimoja cha nyumba yake kilikuwa karakana. Kilikuwa na meza ndefu, rula ya chuma, wembe, chungu cha gundi, na kamba iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta ambayo maboksi matupu yalianikwa juu yake kama nguo za mtoto.

Alijua mambo ambayo mtu wa kawaida hana haja ya kuyajua. Alijua kwamba ukipanga makopo yakawa mnara mzuri usio na kasoro, watu watausifu na kupita. Ondoa kopo moja tu, uache pengo, na kabla ya adhuhuri mnara umekwisha, maana hakuna anayependa kuwa wa kwanza kubomoa. Alijua kwamba aliyesema mtaka cha mvunguni sharti ainame hakuwahi kuuza dukani. Dukani mtaka cha mvunguni hukiacha huko huko, akachukua kilicho usawa wa kifua chake. Na juu ya yote aliamini jambo moja, akalirudia kwa kila aliyemletea kazi. "Macho hayana pazia," alisema. "Jicho ndilo linalonunua. Mkono ni tarishi tu."

Imani hiyo ilimtosha miaka mingi, mpaka alipoletewa machanuo ya dada yake.

Huyo dada alikuwa mkubwa wake kwa tumbo moja, mjane, mchonga machanuo ya mti. Baba yao, seremala, aliwaachia benchi la kazi na patasi zake. Mdogo hakuzitaka, mkubwa hakuziachia. Aliuzia mlangoni mwa karakana yake hadi barabara ilipohamishwa ikapita upande wa pili, ikaondoka na wapita njia wote. Mwanawe wa pekee, aliyekuwa akiishi mbali, alimwandalia chumba, akakipaka chokaa, akamsihi afunge kazi ahamie kwake. Mama mtu hakutaka kusikia.

"Kwa mwanangu nitakula vizuri na nitalala vizuri," alimwambia mdogo wake, "na kila asubuhi nitaulizwa kama nimeamka salama. Mimi sitaki kuulizwa. Nataka niamke nimkute mtu mlangoni anangoja chanuo."

Basi Bi Sura akaenda kwa mwenye duka kubwa la mtaani, mtu mwenye upara unaong'aa kama kijiko, ambaye watu wote walimwita Meneja, hata mama yake mzazi. Alikubali kwa shingo upande. Alitoa kipande cha rafu karibu na mafuta ya nywele, mpaka mwisho wa mwezi. Machanuo yakinunuliwa, yatabaki rafuni; yasiponunuliwa, kila mtu achukue chake. Dada mtu naye aliposikia hayo akaweka nadhiri yake mwenyewe, kwa sauti ya chini ambayo mdogo wake aliijua kuwa si ya mzaha. Machanuo yakirudi, atafunga karakana na kwenda kwenye chokaa ya mwanawe.

Mwanzo wao haukuwa mzuri. Dada mtu alishikilia kwamba machanuo yakae wazi ndani ya kikapu, kila mtu ayaone yalivyo. Alimrushia mdogo wake methali ambayo alikuwa akimchokoza nayo tangu alipoanza kazi yake ya maboksi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bi Sura alimjibu kwamba chema kikikaa gizani hata panya hawakijui, lakini alimwachia, kwa kuwa ni mkubwa. Kikapu kikawekwa. Kwa bahati mbaya rafu ya jirani ilikuwa na miwani ya jua pamoja na kioo kidogo cha kujaribia. Watu wakachukua chanuo, wakajichana mbele ya kioo, wakajipenda, wakalirudisha kikapuni na kwenda zao. Baada ya muda Meneja alimletea Bi Sura chanuo moja, amelishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Lilikuwa na nywele za watu watatu tofauti. Nani angenunua hilo?

Ndipo Bi Sura akatengeneza boksi. Alilipenda boksi lile. Lilikuwa la manjano iliyokomaa, limefungwa pande zote, na mbele yake alichora chanuo lenyewe jino kwa jino, mpaka mishipa ya mti ikaonekana. Mumewe alipoliona alisema akipewa hilo yeye atajichana kwa picha. Yalipangwa rafuni, pengo likaachwa, na Bi Sura akarudi nyumbani akiwa na furaha ya fundi aliyemaliza.

Kilichofuata ni gunia. Meneja alilituma na ujumbe kwamba dukani kumeingia panya. Ndani yake mlikuwa na maboksi ya manjano yaliyotoboka, na kwa sheria ya duka bidhaa iliyotoboka hairudishwi rafuni. Dada mtu, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kumtembelea, aliyatazama, akauliza ni panya gani huyo mwenye hekima, anayekula kadibodi na kuacha mchele rafu ya pili. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alisema tu kwamba huenda chokaa ya mwanawe sasa imekauka vizuri.

Neno hilo halikumtoka Bi Sura. Boksi lilikuwa lake. Dada yake akihama, ni boksi lake litakalokuwa limemhamisha. Akafikiri kama alivyozoea kufikiri. Ikiwa jicho ndilo linalonunua, basi waliotoboa walitaka kuona. Akatengeneza maboksi mengine, haya yenye dirisha la nailoni mbele, chanuo likaonekana lote. Hakuna cha kutoboa tena, alijiambia.

Wakatoboa. Hawakutoboa dirisha. Nailoni ilibaki safi, inameta, haina hata alama ya ukucha. Walitoboa pembeni, ubavuni mwa boksi, pale pale walipotoboa mwanzo.

Hapo Bi Sura akasahau hata huzuni. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni. Jambo likimshangaza vya kutosha, huacha kuumia kwanza akalitazama. Alifagia meza yote, akayapanga maboksi mabovu mstari mmoja, ubavu juu. Kila tundu lilikuwa upande wa meno ya chanuo, si upande wa mgongo hata mara moja. Aliyabananisha, akayainua yaelekee dirishani, na mwanga wa mchana ukapenya matundu yote kwa pamoja kama umepitishwa na sindano. Alimwita mumewe aje atazame. Mumewe alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni, akatazama, akasema kwa lugha ya ufundi wake kwamba panya huyo ametumia patani, ile karatasi ya kukatia nguo zilingane.

Bi Sura akaingiza kidole cha mwisho tunduni, kikapwaya. Akaingiza cha shahada, kikapwaya bado. Akaingiza kidole gumba, kikakaa kama mguu katika kiatu chake. Na kilipokaa, hakikutulia. Kilijiendea chenyewe juu ya ncha za meno, kutoka meno madogo ya upande mmoja hadi makubwa ya upande wa pili. Krrrr.

Mume na mke wakatazamana.

"Rudia," alisema mumewe.

Akarudia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya kupendeza, kama ya mdudu anayeimba ndani ya ukuta. Sasa alijua walitoboa wapi na kwa kidole gani. Hakujua kwa nini, na swali hilo halikumpa raha hata ya kula.

Kesho yake alikwenda dukani, akaomba kitambaa cha vumbi, akaanza kufuta rafu ya mafuta ya nywele kama alivyofuta zamani akiwa msichana. Hakuna anayemwona mtu anayefuta vumbi. Akaja bwana mmoja mwenye mkoba, akachukua boksi, akalitikisa karibu na sikio kama anayechagua nazi, akalirudisha. Wakaja wasichana wawili, wakaligeuza mbele na nyuma, wakasifu rangi, wakanunua mafuta. Wote walilipenda boksi kwa macho. Wote wakaliacha.

Halafu akaja mama mmoja na binti yake, mtoto wa umri wa kuanza shule, kichwa chake kimefungwa kitambaa mpaka kwenye nyusi. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona mfuta vumbi na asimwone. Ukucha ukaingia ubavuni mwa boksi, kadibodi ikalia, kidole gumba kikafuata. Krrrr. Mtoto aliposikia akainua mabega hadi masikioni, akafumba macho.

Bi Sura alisogea. Mama yule alishtuka, akashikilia boksi kifuani, akaanza kujitetea kwamba atalinunua, kwamba lilikuwa limeanza kupasuka lenyewe. Bi Sura alimwambia asiwe na wasiwasi, yeye si mlinzi. Yeye ndiye aliyetengeneza boksi hilo, na alikuwa na jambo moja tu la kumwuliza: alitaka kujua nini ambacho dirisha halikumwonyesha?

Mama alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Nimeliona, dada yangu. Ni zuri," alisema. "Lakini mimi nina huyu." Akamgusa mtoto kichwani, na mtoto akaruka kidogo. "Huyu nikishika chanuo anaingia mvunguni. Mengine yana meno kama ya msumeno. Sasa hapa nitajuaje kama linauma? Picha haiumi."

"Na umelipitishia kidole. Linauma?"

Mama alipitisha tena, polepole, uso wake umeinama kama anayesikiliza habari kutoka mbali. "Haliumi," alisema, kwa mshangao. "Linateleza." Akalinunua, tundu na yote.

Bi Sura hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamkuta anasugua jino la chanuo kwa msasa uliokunjwa, halafu kwa kitambaa, halafu kwa ukingo wa kiganja chake mwenyewe, kama alivyofanya kila siku na kila jino. Alimwona akifanya hivyo maisha yake yote. Siku hiyo aliketi juu ya kigogo akatazama kama mgeni.

Alimsimulia yote, mpaka mtoto aliyeinua mabega. Dada mtu alicheka, akauliza kama mtoto huyo anaitwa kwa jina la mama yao mdogo, jina alilopewa Bi Sura alipozaliwa, maana anamjua mwingine aliyekuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na chanuo la chuma nyumbani kwao, na lilipotolewa tu, Bi Sura alikuwa akitafutwa nyuma ya mapipa.

"Ulikuwa unalia kabla sijakugusa," alisema. "Ndiyo nikaiba msasa wa baba. Nikachukua chanuo lake la mti lililovunjika, nikalisugua mpaka nikaweza kujipitishia mdomoni. Ulilala, mdogo wangu. Ulilala katikati ya magoti yangu, nikakusuka hadi mwisho."

Bi Sura hakukumbuka kulala. Alikumbuka magoti. Akasema kwamba kazi yote hiyo ya msasa ameifungia ndani ya kadibodi, akabandika picha juu yake.

"Na mimi niliiweka kikapuni watu wakaijaza chawa," alijibu dada yake. "Usijitwalie kosa lote, tugawane."

Wakagawana na kazi. Bi Sura aliandaa boksi jipya, kadibodi ya rangi yake ya asili, halina dirisha wala picha. Ubavuni alikata ufa mrefu mwembamba, ncha za meno zichungulie, kidole gumba kiweze kupita juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Swali lilikuwa upana. Ufa ukiwa finyu, kidole hakisikii kitu. Ukiwa mpana, wale wa kioo cha miwani watajichana, na nywele zitarudi. Hapakuwa na rula ya kupima hilo.

"Fungua kitambaa," alisema dada mtu. "Keti."

Bi Sura, mwanamke mzima mwenye mvi za kwanza, akaketi chini kwenye mabaki ya mbao, mgongo wake katikati ya magoti yale yale. Dada yake akachukua chanuo likiwa ndani ya boksi, akajaribu kumchana. Alijaribu kwa hila zote za mteja mjanja. Alilaza, akasimamisha, akasukuma kwa pembe. Boksi la kwanza likamchana vizuri kabisa, wakalitupa. La pili likanasa, likamvuta nywele, akapiga ukelele na dada yake akamwambia kuwa machozi yake hayajabadilika. La tatu likateleza juu ya nywele kama mkono unaompapasa paka, halikuingia. Dada mtu akapitisha kidole gumba. Krrrr.

"Hili," walisema wote.

Meneja alilipokea kwa mashaka. Alilizungusha, akatia ukucha ufani, akasema zamani walikuwa wakimletea maboksi mazima wateja ndio wakayaharibu, sasa wamemrahisishia, wanayaleta yakiwa mabovu tayari. Lakini mwezi ulikuwa bado haujakwisha, na ahadi ni ahadi. Akayaweka rafuni. Bi Sura aliacha pengo kwa mazoea, ingawa hakuwa na hakika tena kama pengo ndilo lililokuwa likifanya kazi.

Siku ya mwisho ya mwezi dada mtu alikuja mwenyewe, amekunja gunia tupu kwapani. Alisema amekuja kubeba mzigo wake, hataki uletwe nyumbani na mtu mwingine kama maiti. Bi Sura alimpokea mlangoni, naye alikuwa hajaiona rafu kwa siku kadhaa alizokuwa kazini katika duka jingine. Wakaingia pamoja. Walipofika kwenye rafu za chumvi, moja kabla ya mafuta ya nywele, dada mtu akamshika mkono, akasimama.

Upande wa pili wa rafu kulikuwa na mtu. Krrrr. Kimya. Kisha tena, haraka haraka, krr, krr, krr, kidole chepesi cha mtoto, na sauti ya mtu mzima ikimwambia inatosha. Kisha hatua kuelekea kaunta.

Hawakuchungulia. Walibaki pale kwenye chumvi wanasikiliza, kama watu waliokuja kwenye ngoma wakabaki nje ya ua. Akaja mwingine, krrrr nzito ya polepole.

"Huyu ana kidole kigumu," alinong'ona dada mtu. "Mwashi, labda."

Meneja aliwakuta hapo. Alikuwa na malalamiko, akayatoa yote. Duka lake limekuwa kama shimo la nyenje, wafanyakazi wake wanapita wakikwaruza bila haja ya kununua, watoto hawaondoki. Rafu imebaki na mawili tu, na kama mzigo mwingine hautakuja wiki ijayo asilaumiwe mtu. Wakati wote huo alikuwa na chanuo ndani ya boksi lake mkononi, na kidole gumba chake kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, naye mwenyewe hana habari.

Dada mtu alilitazama chanuo, akautazama upara.

"La kwako, baba, nikuchongee lenye meno au lisilo na meno?"

Meneja alijitazama mkononi, akacheka mpaka akashika rafu. Alisema la kwake ni hilo hilo, la kukwaruzia, nywele wanazo nyumbani.

Walipotoka nje, dada mtu alilikunja gunia mara nyingine, dogo zaidi, akalitia kwenye mkoba. Alimwomba mdogo wake ampigie mwanawe simu, kwa kuwa yeye macho yake na vitufe havielewani. Amwambie amefanya vyema kupaka chokaa, Mungu ambariki; chumba kile akiwekee baiskeli, na mama yake atakuja kumtembelea msimu ujao, siku chache, kama mgeni wa kweli.

Bi Sura aliitikia, lakini alikuwa amesimama, uso umeelekea mlango wa duka.

"Dada," alisema, "umesikia wanavyoanza? Sauti inaanza nyembamba inaishia nene. Wote. Wanaanzia meno madogo ya pembeni, hata yule mtoto. Hakuna aliyewaambia. Kwa nini hawaanzii upande wa pili?"

Dada yake alimwambia waende, jua limewaka. Kisha akatoa chanuo mkobani, lile la kwake la siku zote, akalishika kama alivyolishika maisha yake yote, akapitisha kidole gumba.

Akaanzia huko huko.

Akalitazama chanuo. Akalipindua mkononi, akajaribu upande wa pili, akakunja uso kama aliyeonja kitu kisicho na chumvi. Wala hakusema tena waende.